Kinyama kimekatwa, majibu yamesema TB, dawa hazisaidii: nani amewatafuta fangasi?

#1 Mkatanta (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mteknolojia wa maabara ya histolojia (tunakagua nyama za wagonjwa kwa hadubini, tukizigandisha kwanza ndani ya nta) hapa Tanzania, mwaka wa 11 sasa kwenye kazi ya kukata nta na kupaka slaidi rangi. Siyo daktari, na majibu ya mwisho husainiwa na mwanapatholojia, yaani daktari anayesoma slaidi. Lakini kila slaidi hupita mkononi mwangu kabla haijafika kwake, na kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu. Naona hapa ndipo mahali pa kulisemea, maana humu kuna manesi, matabibu, watu wa maabara na ndugu wa wagonjwa.

Kuna mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, alikuja na mtoki shingoni na uvimbe juu ya jicho uliokuwa unatoa usaha. VVU hana. Akakatwa kinyama, yaani kipande cha nyama cha kupimwa. Fomu iliyokuja nacho ilikuwa na maneno matatu tu: "mtoki shingoni, TB?" Nikaandaa slaidi kwa rangi za kawaida, zile za zambarau na waridi ambazo kila kinyama hupakwa. Majibu yakatoka: granuloma, inaelekea kuwa TB. Akaanzishiwa dawa. Mwezi wa tano wa dawa akarudi na uvimbe mwingine mgongoni, mkubwa kuliko ule wa kwanza, na amekonda hadi gauni linampwaya.

Kinyama cha pili kilipofika, mwanapatholojia aliyekuwa zamu alikitazama muda mrefu, kisha akaniita: "Njoo uone hapa." Ndani ya zile seli kubwa zenye viini vingi mlikuwa na vitundu vya mviringo, vyeupe, kila kimoja na ukingo wake. Vingine vilikuwa viwili viwili vimeshikana, umbo la kibuyu. Akaagiza rangi ya fedha. Kesho yake tuliviona vyeusi tii, vimejaa kwenye seli kama mbegu ndani ya papai. Histoplasmosisi ya Kiafrika, ugonjwa wa fangasi aitwaye Histoplasma.

Halafu nikaenda stoo, nikatoa kibonge cha nta cha kinyama chake cha kwanza, nikakikata upya na kukipaka fedha. Walikuwemo. Wachache, pembeni mwa slaidi, lakini walikuwemo tangu siku ya kwanza. Slaidi ile ya kwanza niliiandaa mimi mwenyewe. Hakuna aliyeagiza fedha, na mimi sikuuliza.

Ndiyo maana naandika. Fangasi aliye ndani ya nyama haonekani kwa bahati. Lazima kuwe na mtu aliyeamua kumtafuta, na uamuzi huo huanzia kwenye ile fomu, kabla hata kisu hakijagusa ngozi.

Nitaendelea kidogo kidogo, maswali karibuni.

#2 Mkatanta

Nianze na hilo neno granuloma, kwa sababu ndilo linalowapoteza wengi.

Granuloma ni ukuta. Mwili ukikutana na adui ambaye hauwezi kumuua upesi, unakusanya seli kumzunguka, unamzingira. TB huleta ukuta huo. Ukoma pia. Mayai ya kichocho pia. Na fangasi kadhaa wa ndani ya mwili huleta ukuta wa namna hiyo hiyo, hata ule uozo wa katikati unaofanana na jibini unaweza kuwepo. Kwa hiyo jibu likisema "granuloma", limekueleza habari za ukuta. Aliyezingirwa bado hajatajwa.

Kwetu TB ni nyingi, kwa hiyo anayebashiri TB hupatia mara nyingi, na simlaumu daktari anayeanza nayo. Tatizo ni pale ubashiri unapogeuka kuwa jibu, na mgonjwa anakaa miezi sita na dawa zisizomhusu.

#3 Nesi wa Thieta

Kaka Mkatanta, asante kwa uzi. Swali la kweli kabisa: sisi thieta kila kinachotoka kinaingia kwenye formalini. Ndivyo tulivyofundishwa, na ukisahau unasemwa. Sasa kuna siku daktari alinifokea eti nimeua kipimo. Niliua nini?

#4 Mkatanta

Dada, ulifanya ulichofundishwa, na kwa upande wangu mimi ulifanya sawa. Formalini huzuia nyama isioze na huhifadhi umbo la seli. Bila hiyo mimi sina cha kukata. Lakini formalini huua kila kitu, fangasi na bakteria wote. Daktari wako bila shaka alitaka kipande kingine kikaoteshwe, na kilichokufa hakioti.

Dawa yake ni ndogo: kinyama kigawanywe mara mbili pale pale mezani. Kipande kimoja kwenye formalini, kije histolojia. Kipande kingine kwenye chombo safi kisicho na vijidudu, na salini (maji ya chumvi) kidogo ya kukilowesha, kiende mikrobayolojia, wanakootesha vijidudu, siku hiyo hiyo. Usikitupie kwenye salini nyingi kikaelea, unyevu tu unatosha. Na usikifunge kwenye shashi kavu, kitafika kimekauka kama nyama ya mshikaki.

Kwa kile cha formalini: iwe ya asilimia 10, na wingi wake uwe angalau mara kumi ya kinyama. Napokea vinyama vimebanwa kwenye vichupa vya dawa vyenye mdomo mwembamba, formalini imegusa juu tu. Formalini hupenya karibu milimita moja kwa saa, wakati mwingine chini ya hapo. Donge nene linaoza katikati huku nje likiwa limeiva, na mimi kesho nakata kitu kilichovurugika. Chupa yenye mdomo mpana, tafadhali sana.

#5 Kijana wa Maabara

Mkuu tupe siri za hiyo rangi ya fedha. Chuoni tulifundishwa kwa karatasi tu, kemikali zilikuwa hazipo.

#6 Mkatanta

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Ukuta wa fangasi umejaa sukari zilizofungamana. Slaidi ikishatolewa nta inaanza kwenye asidi ya kromiki, ambayo hushambulia sukari hizo na kuacha aldehaidi. Kisha inaingia kwenye mchanganyiko wa nitrati ya fedha na methenamini, joto la nyuzi 60 hivi. Penye aldehaidi fedha hutua, na ikitua ni nyeusi. Baadaye tunaipitisha kwenye kloridi ya dhahabu, tunaondoa fedha iliyobaki, na mwisho tunapaka kijani hafifu ili weusi upate pa kuonekana. Njia hii tunaiita Grocott, kwa jina la aliyeirekebisha mwaka 1955 kutoka kwenye njia ya Gomori ili iwakamate fangasi.

Vitabu vitakupa dakika. Usiziamini peke yake. Fedha ya leo si sawa na ya wiki jana, na joto la beseni la maji hupanda na kushuka. Mimi nikishaiweka slaidi naanza kuichungulia: naitoa, naisuuza kwa maji yaliyotoneshwa, naitazama kwa hadubini ikiwa mbichi, nairudisha. Nyama ikifika rangi ya bahasha ya kaki na fangasi wa kontroli wakiwa kahawia iliyokolea, natoa. Ukichelewa, kila kitu kinageuka cheusi: nyuzi za tishu, kuta za mishipa, hata chembe za damu. Hapo ndipo mtu huona fangasi pasipo na fangasi. Ukiwahi, wale wembamba hawashiki kabisa, na unaandika "hawapo" kumbe wapo.

Koleo ya chuma isiguse chombo hicho, fedha itakimbilia kwenye chuma badala ya slaidi yako. Natumia ya plastiki. Vyombo vya kioo vioshwe kwa asidi. Na kila safari iwepo slaidi ya kontroli, nyama unayojua ina fangasi, inayopita njia moja na ya mgonjwa. Kontroli isiposhika, jibu la "hawapo" halina thamani hata kidogo.

Kama nitrati ya fedha imeisha (na kwetu huisha, ni ghali), ipo rangi ya PAS, ambayo huwapaka waridi iliyoiva. Ni rahisi zaidi, na inaonyesha vizuri seli za mwili zilizowazunguka. Kasoro yake ni kwamba fangasi waliokwisha kufa au walio wachache sana inaweza kuwakosa, ambapo fedha ingewashika.

#7 Mdadisi wa Tanga

Nafuatilia kwa makini. Sasa mkuu, wakishaonekana weusi, mnajuaje ni yupi? Maana fangasi ni wengi.

#8 Mkatanta

Swali kubwa la kwanza: ni mviringo au ni uzi? Kuna wanaoishi mwilini kama hamira, vidonge vya mviringo vinavyochipua. Kuna wanaotambaa kama ukungu wa mkate, nyuzi nyuzi. Ukishajua hilo umekwisha kupunguza orodha nusu.

Kwa wa mviringo, kipimo ni ukubwa. Chembe nyekundu ya damu ina mikroni 7 hivi (mikroni elfu moja ni milimita moja) na huwa ipo jirani, ndiyo rula yetu. Histoplasma wa kawaida, anayejulikana dunia nzima, ni mdogo, mikroni 2 hadi 4, na hujazana ndani ya seli za ulinzi. Yule wa yule mama, wa Kiafrika, ni mnene, mikroni 8 hadi 15, ukuta mzito. Huyo alipewa jina la *duboisii* mwaka 1952 kwa heshima ya Dubois, kutokana na mgonjwa wa Kongo ya Wabelgiji. Hupenda ngozi, mitoki na mifupa.

Cryptococcus, yule wa homa ya uti wa mgongo kwa wenye VVU, ukubwa wake hubadilika badilika na amevaa koti la utelezi. Kwenye rangi za kawaida koti halishiki, unaona mduara mweupe kumzunguka, kana kwamba kila mmoja amekaa kwenye kiputo chake. Tukipaka musikamini koti linakuwa jekundu, na shaka inaisha. Ni koti hilo hilo linaloonekana kwenye maji ya uti wa mgongo yakichanganywa na wino mweusi.

Candida huchanganya: vidonge vidogo na vitu kama nyuzi, lakini zimebanwa banwa kama soseji zilizofungwa pamoja.

Kwa wenye nyuzi, tazama upana, vizuizi vya ndani, na namna wanavyogawanyika. Aspergillus ana uzi mwembamba, mikroni 3 hadi 6, ulio sawa mwanzo mwisho, una vizuizi, na hugawanyika kama panda ya manati. Kundi la mukori lina nyuzi pana zisizo sawa, kuta nyepesi, vizuizi haba, zimejikunja kama utepe uliodondoka sakafuni, na tawi hutoka ubavuni karibu kama herufi T.

Kuna wengine hawahitaji rangi yoyote. Wale wa kromoblastomaikosisi, ugonjwa wa ngozi inayoota kama koliflawa mguuni, wana kahawia yao wenyewe. Unawaona kwenye slaidi ya kawaida kama sarafu za shaba zilizokatwa katikati. Madagaska wanaujua sana.

#9 Mkulima wa Sahani

Mkatanta, heshima yako, lakini hapo mwisho nakushika shati. Mimi ni wa mikrobayolojia, naotesha vijidudu kwenye sahani. Huo uzi wenye panda ya manati siyo lazima awe Aspergillus. Fusarium yuko hivyo hivyo. Scedosporium yuko hivyo hivyo. Na huyu wa mwisho amfoterisini, dawa ya fangasi, mara nyingi haimwezi. Mkiandika "Aspergillus" kwenye ripoti kwa kuangalia umbo tu, daktari anaamini, anatoa dawa, mgonjwa anaondoka. Ripoti isitaje jina ambalo haijalithibitisha.

#10 Mkatanta

Nakubali kabisa, na asante kwa kulisema wazi. Hata kwenye vituo vikubwa hilo limewahi kuwaumbua watu. Stanford, Marekani, walipitia mwaka 2009 kazi zao za miaka kumi, wakalinganisha jina lililotajwa kwa umbo na lile lililotoka kwenye kuotesha. Takriban kesi moja kati ya tano hazikulingana. Wale ni watu wenye kila rangi na kila kitabu.

Kwa hiyo ripoti nzuri hueleza kilichoonekana: nyuzi zisizo na rangi, zenye vizuizi, zinazogawanyika kwa pembe kali, zimeingia kwenye mshipa wa damu. Halafu inaongeza: zinaweza kuwa Aspergillus au wanaofanana naye, kuotesha kunahitajika. Daktari akisoma hivyo anajua pa kuanzia na anajua kiasi cha shaka.

Lakini na mimi nikushike shati kidogo, mkulima. Mbegu za Aspergillus zinaelea hewani kila mahali. Zikidondoka kwenye sahani yako zitaota, na huwezi kujua kama zilitoka kwa mgonjwa au dirishani. Kwenye kinyama, ukiona uzi umetoboa ukuta wa mshipa na nyama imekufa mbele yake, hilo halikudondoka dirishani. Na wale wa mukori ndio wakaidi kwako: mkiisaga nyama nyuzi zao zinapasuka na kufa, sahani inabaki tupu huku mgonjwa anaoza. Halafu Histoplasma anaweza kukuchukua wiki nne, sita. Slaidi naitoa kesho kutwa.

#11 Mkulima wa Sahani

Hapo kwenye mukori umesema kweli. Sisi sasa hatusagi, tunakatakata vipande vidogo kwa wembe na kuvibonyeza kwenye sahani. Tunahitajiana, nilichotaka ni jina tu lisitajwe kabla ya wakati wake.

#12 Shangazi Furaha

Hao mukori ndio wale "fangasi weusi" wa India kipindi cha korona? Tulitishwa sana na video.

#13 Mkatanta

Ndio hao, shangazi. Mwaka 2021 India ilipata makumi ya maelfu ya wagonjwa, wengi wenye kisukari kisichodhibitiwa na waliopewa dawa za steroidi. Fangasi mwenyewe hana weusi. Anaziba mishipa ya damu, nyama inakosa damu, inakufa na kuwa nyeusi puani na kaakaani. Kwa huyu hatusubiri nta. Kinyama kinakandamizwa juu ya slaidi kikiwa kibichi, kinapakwa rangi na kutazamwa saa ile ile, kwa sababu kila saa anasogea kuelekea jichoni na kwenye ubongo.

#14 Ekal wa Lodwar

Salamu kutoka Turkana. Sisi huku tuna shida nyingine. Kala-azar iko, na vile vidudu vyake, Leishmania, pia vinakaa ndani ya seli, vidogo vidogo, mikroni 2 hadi 4. Tulipata uboho wa kijana mmoja, mwenzangu akasema Histoplasma, mimi nikasema Leishmania. Tulibishana hadi jioni. Nyinyi mnatenganisha vipi?

#15 Mkatanta

Kaka, hapo wengi hukwama. Nenda kwenye lenzi ya mafuta, tafuta kijiti. Leishmania ana kiini na pembeni yake kijiti kidogo kilichokolea, kwa rangi ya Giemsa huonekana vizuri. Histoplasma hana kijiti, na ana uwazi mwembamba kati ya mwili wake na ukuta. Mkiona hata mmoja anachipua, shingo nyembamba, ni hamira huyo. Na kama bado mnabishana, fedha huamua: Histoplasma anakuwa mweusi, Leishmania hashiki.

#16 Ekal wa Lodwar

Kijiti kilikuwepo. Asante. Na mguu wa Madura usiusahau, huku kwetu upo, na watu wanakuja wakati mfupa umeshaliwa.

#17 Mkatanta

Siwezi kuusahau. Huo ndio ugonjwa ambao hadubini inaamua moja kwa moja dawa gani itatolewa, kwa hiyo mnivumilie.

Mguu unavimba taratibu, hauumi sana, unatoboka vitundu, na kwenye usaha hutoka punje. Jina limetokana na Madura, India kusini, ambako daktari Gill aliuandika mwaka 1842. Carter ndiye aliyeuita maisetoma mwaka 1860. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016 tu. Ni ugonjwa wa wanaotembea peku kwenye miba: wafugaji, wakulima, watoto wa kuchunga.

Sasa, mguu ule ule, vitundu vile vile, unaweza kuletwa na fangasi au na bakteria wenye umbo la nyuzi. Fangasi anahitaji itrakonazoli miezi mingi, mara nyingi na upasuaji juu yake. Bakteria anahitaji antibayotiki kama kotrimoksazoli na amikasini, na wengi hupona bila kukatwa. Ukikosea, mmoja anameza dawa ya mwenzake mwaka mzima.

Jibu liko ndani ya punje. Nyeusi ni fangasi, mara nyingi *Madurella mycetomatis*, zinafanana na mbegu za mchicha ukizipangusa kwenye shashi. Nyekundu ni bakteria. Nyeupe na njano zinaweza kuwa yeyote, hapo lazima hadubini. Punje ikikatwa na kupakwa, nyuzi za fangasi ni nene, mikroni 2 kwenda juu, na nyingine zimevimba mwishoni. Za bakteria ni nyembamba mno, hazifiki mikroni moja, na rangi ya Gram huzionyesha buluu. Angalizo kwa vijana: fedha hupaka wote wawili weusi. Usione weusi ukashangilia fangasi. Pima unene.

Na ombi kwa wanaokata: kateni kwa kina. Kinyama cha juu juu mdomoni mwa kitundu kinaniletea usaha na kovu, punje haimo. Bila punje sina cha kusema.

Waliotufundisha sana ugonjwa huu ni Khartoum, Sudan, kituo cha utafiti wa maisetoma kilichoanzishwa 1991. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vimekiharibu. Kila nikiukata mguu wa namna hii nawakumbuka wale wenzetu.

#18 Ssalongo K'la

Niko Kampala. Mwongeze na ule uvimbe wa watoto, makalio au paja linakuwa gumu kama ubao, ngozi juu nzima. Wazazi hudhani saratani. Burkitt yule yule wa uvimbe wa taya aliandika na wenzake mwaka 1964 kuhusu wagonjwa 31 wa Uganda.

#19 Mkatanta

Asante ssalongo. Huyo ni fangasi aitwaye Basidiobolus. Kwenye slaidi ya kawaida unaona nyuzi pana zenye kuta nyepesi, na kila uzi umevikwa koti jekundu la waridi, na jirani yake seli za mzio tele. Upana wake unaweza kukufanya udhani mukori, lakini huyu haingii kwenye mishipa na nyama haifi. Mtoto hupona kwa dawa. Nimewahi kusikia mtoto aliyepangiwa kukatwa mguu kwa uvimbe wa aina hii kabla kinyama hakijasomwa.

#20 Binti Kondoa

Samahani kuingilia, mimi si mtu wa afya. Baba yangu ana mitoki kwapani, alikatwa kinyama mwaka jana, majibu yakasema granuloma. Amemeza dawa za TB, sasa mwezi wa saba, imerudi. Nimesoma uzi huu natetemeka. Je, kinyama chake kimeshatupwa?

#21 Mkatanta

Dada, pole sana. Hakijatupwa, karibu na hakika. Kile kibonge cha nta huhifadhiwa miaka mingi, nyama iliyomo haiharibiki. Kwenye karatasi ya majibu kuna namba ya maabara, kwa kawaida inaishia na mwaka. Nenda na namba hiyo, onana na daktari anayemtibu baba, umwombe aandikie maabara kwamba kibonge kikatwe upya na kipakwe rangi ya fedha kwa fangasi, na pia Ziehl-Neelsen kwa TB. Zote mbili, usiombe moja. Daktari aandike pia kazi ya baba, amewahi kuishi wapi, VVU ana au hana, na dawa alizokwisha kumeza na kwa muda gani. Hayo mwanapatholojia anayahitaji kama anavyohitaji hadubini.

Asiache dawa za TB kwa sababu ya uzi huu. Subirini jibu.

#22 Nesi wa Thieta

Kaka, nimebandika ukutani thieta: *kinyama cha mtoki, mfupa, kidonda sugu: vyombo viwili*. Daktari wa upasuaji ameuliza nani kaandika. Nimemwonyesha uzi, amesoma wote hadi mwisho.

#23 Binti Kondoa

Wakuu, narudisha mrejesho baada ya siku 16. Kibonge kilipatikana. Rangi ya fedha: hakuna fangasi, na wameandika kontroli ilishika vizuri. Ziehl-Neelsen: wameona vijiti vyekundu vichache. Daktari amefyonza usaha mpya kwa sindano, umeenda kwenye GeneXpert, ile mashine ya kupima TB, na jibu limesema TB ipo na imekuwa sugu kwa rifampisini, moja ya dawa za TB. Jumatatu anaanza dawa nyingine. Sijui kama nifurahi.

#24 Mkatanta

Asante sana kwa kurudi kutuambia, wengi hawarudi. Kwa hiyo ni TB kweli, na dawa za kwanza zilikuwa zinapigwa chenga. Slaidi ya fedha isiyo na kitu, yenye kontroli iliyoshika, nayo ni jibu kamili. Imemwondolea baba dhana moja, na daktari akajua pa kuelekea.

Mliokuwa mnaishi naye nyumba moja mkapimwe wiki hii, hasa watoto. Mwambie daktari Jumatatu hiyo hiyo, atakupeni utaratibu.